Zabuni zinazotaja jina la hifadhidata zinatupandishia bei sote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nina jambo la kuwaambia wajumbe wa bodi za SACCOS, wakuu wa shule, wenye maduka ya dawa ya jumla na maofisa ununuzi wa taasisi za umma. Sehemu kubwa ya fedha mnazotulipa sisi tunaotunza mifumo yenu kwenye seva haibaki kwetu, wala haiendi kwenye umeme na intaneti. Inakwenda kwenye leseni ya hifadhidata. Na mara nyingi leseni hiyo mmeichagua ninyi wenyewe, kwa sentensi moja iliyoandikwa kwenye nyaraka za zabuni na mtu ambaye hakuulizwa itagharimu kiasi gani.

Ninaendesha kampuni ndogo ya kuhosti mifumo hapa Dar es Salaam, maeneo ya Mwenge. Kabla ya hapo nilikuwa mtunza hifadhidata wa benki, kwa hiyo leseni hizi nimeziona nikiwa upande wa mnunuzi, na sasa naziona nikiwa upande wa mtoa huduma. Wateja wangu ni watu wa kawaida: SACCOS za Morogoro na Kibaha, shule za sekondari, wauza dawa wa jumla wa Kariakoo, hoteli za Zanzibar. Hakuna kati yao mwenye data nyingi kiasi cha kuhitaji mtambo wa benki. Wengi wanalipia mtambo wa benki.

Hifadhidata ni ile programu inayoshika kumbukumbu nyuma ya skrini: salio la mwanachama, ada ya mwanafunzi, boksi za dawa zilizobaki stoo. Mteja haioni. Anachokiona ni fomu na ripoti, na hizo zingeonekana vilevile hata kama chini yake kungekuwa na hifadhidata nyingine. Za kulipia ninazokutana nazo sana ni SQL Server ya Microsoft na Oracle. Zisizo na ada ya leseni ni PostgreSQL, MariaDB na MySQL ile ya jamii.

Mtu wa kuhosti hanunui SQL Server mara moja akamaliza. Anaikodi kwa mwezi, chini ya mkataba wa watoa huduma unaoitwa SPLA. Kila mwezi anahesabu kilichotumika, anapeleka taarifa, analipa. Kinachohesabiwa ni kori, yaani viini vya prosesa vinavyofanya kazi. Utaratibu huo ulianza na toleo la 2012. Leseni zinatolewa kwa jozi za kori mbilimbili, na kila mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu iliyotengwa ndani ya seva halisi, inahesabiwa angalau kori 4, hata kama umeipa 2 tu. Ukiizima siku ya tatu ya mwezi, mwezi mzima umeshalipiwa.

Msingi wa bei hiyo ni dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Wateja wangu wanalipa kwa shilingi, na ndivyo inavyopaswa. Tangu kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 bei za ndani haziruhusiwi kutajwa kwa dola. Kwa hiyo shilingi inapoteleza, pengo analibeba mtoa huduma mpaka mkataba uishe, halafu mteja analetewa bei mpya na kudhani amegeuziwa kibao. Nimekaa kwenye vikao vya bodi za SACCOS nikieleza jambo hilo mbele ya wazee wanaojua hesabu kuliko mimi, na swali lao limekuwa lilelile: kwani hiyo programu tumeongezewa nini mwaka huu? Hawakuongezewa chochote.

Wenzangu wa kuhosti wanajua kwamba punguzo la kwanza halihitaji kumbembeleza muuzaji yeyote. Linahitaji kuhesabu. Chukua wateja 12, kila mmoja amepewa mashine pepe yake yenye kori 2 na SQL Server yake ndani. Kwenye karatasi ya leseni hizo si kori 24, ni 48, kwa sababu ya kile kima cha chini cha 4. Sasa waweke wote kwenye mashine moja ya kori 8, kila mteja na hifadhidata yake, akaunti yake, nywila yake na nakala rudufu yake. Leseni zinashuka kutoka 48 hadi 8. Prosesa ni ileile, wateja ni walewale, na mifumo midogo ya aina hii hulala zaidi ya nusu ya siku bila kazi yoyote.

Si kila mteja anafaa kuwekwa pamoja na wengine, nakiri. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, anayehifadhi taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, na zahanati yenye majibu ya vipimo siwezi kuiweka kwenye mashine moja na duka la vipuri ili tu nipunguze ankara. Lakini shule nne za mmiliki mmoja? Matawi ya SACCOS moja? Hao kutenganishwa kila mmoja na mashine yake ni kulipia hewa.

Punguzo la pili liko kwenye daraja. SQL Server ina Standard na Enterprise. Kwa bei ya orodha ya kununua moja kwa moja toleo la 2022, jozi ya kori za Standard ni dola 3,945, na ya Enterprise ni dola 15,123. Sisi tunakodi, hatununui, lakini msomaji apate picha ya tofauti: karibu mara nne. Watu wengi walichukua Enterprise zamani kwa sababu za haki kabisa, walihitaji kubana data au kugawa jedwali kubwa vipande. Mambo hayo yalishushwa kwenye Standard mwishoni mwa 2016, na kusimba data iliyo kwenye diski kukafuata na toleo la 2019. Wangapi walirudi kuangalia? Ndani ya SQL Server kuna jedwali linaloitwa sys.dm_db_persisted_sku_features. Ukiliuliza, linakutajia ni kitu gani kwenye hifadhidata yako kinachohitaji daraja la juu. Likirudi tupu, muulize anayekutunzia mfumo kwa nini unalipia Enterprise. Inawezekana ana sababu nyingine ya kweli, kama kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) inayozidi GB 128, ambao ndio mpaka wa Standard hadi toleo la 2022. Basi aitaje.

Kuna na lile daraja la bure, Express. Hadi toleo la 2022 hifadhidata moja haizidi GB 10, inatumia kori zisizozidi 4 na RAM ya takriban GB 1.4. Toleo la 2025 limepandisha mpaka wa hifadhidata hadi GB 50. Express haina kile kipangakazi cha kuchukua nakala rudufu chenyewe usiku, kwa hiyo fundi anapaswa kukipanga kwa njia ya Windows, kazi isiyomaliza asubuhi moja. Nimeona mifumo ya ada za shule yenye data ya miaka mingi isiyofika GB 3 ikilipiwa Standard. Na ukiwa bado unajenga mfumo, haujaanza kazi halisi, kuna Developer, nayo haina malipo. Seva ya majaribio iliyosahaulika ikiwa na Standard ndani ni fedha inayotoka kila mwezi bila mtu kunufaika nayo.

Lakini lile toleo la 2025 limetunyang'anya kitu pia. Sisi watoa huduma tulikuwa na daraja letu peke yetu, Web, la bei ya chini, kwa tovuti zinazofunguliwa na umma. Halimo tena. Toleo la mwisho lenye Web ni la 2022, ambalo matengenezo yake ya usalama yanafika Januari 2033. Aliyejenga biashara yake juu ya Web ana muda, lakini muda huo una tarehe. Asisubiri mwaka 2032 ndipo aanze kuwaambia wateja.

Oracle nitaitaja kwa ufupi kwa sababu wateja wa saizi yangu hawaigusi, ila wapo wanaoandikiwa. Bei ya orodha ya Enterprise yake ni dola 47,500 kwa prosesa, ambapo kori mbili za Intel au AMD huhesabiwa kuwa prosesa moja. Seva ya kori 16 ni prosesa 8, dola 380,000, na huduma ya msaada ni asilimia 22 kila mwaka, yaani dola 83,600. Ukiiweka kwenye mashine pepe ya VMware, programu ya kugawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi, sera ya Oracle haitambui kwamba umeipa kori chache tu. Inataka uhesabu seva nzima, na zaidi ya seva hiyo moja kama mashine inaweza kuhamishiwa nyingine. Punguzo hutolewa kwa wakubwa. Mdogo haingii kwenye chumba cha mazungumzo.

Sasa nije kwenye zabuni, maana hapo ndipo ninapoumia.

Taasisi moja ya umma ilitangaza kutafuta mtu wa kuhosti mfumo wa kumbukumbu za wafanyakazi. Watu mia kadhaa, likizo, vyeti, tarehe za kustaafu. Kwenye sifa za kiufundi palikuwa pameandikwa jina la hifadhidata, daraja lake la juu kabisa, na idadi ya kori ambayo ingetosha mfumo wa mara mia ya huo. Nilipouliza kwa njia rasmi kama tunaweza kuleta nyingine inayofanya kazi hiyohiyo, jibu lilikuwa tuzingatie nyaraka kama zilivyo. Sikulaumu jibu hilo, aliyejibu alikuwa analinda mchakato. Lakini mtu aliyeandika sifa zile alizinakili kutoka zabuni nyingine, na kwa kunakili huko aliamua gharama ya miaka yote ya mkataba. Kanuni za ununuzi wa umma zinataka mahitaji yaelezwe kwa kazi inayotakiwa, na jina la chapa likilazimika kutajwa, lifuatwe na maneno "au inayolingana nayo". Maneno matatu tu. Kama yangekuwepo, wazabuni tungeshindana kwenye huduma: nani anarejesha mfumo haraka ukianguka, nani anachukua nakala rudufu mara ngapi, nani anapokea simu saa nane usiku. Badala yake sote tulibeba gharama ileile ya leseni na kushindania makombo yaliyobaki.

PPRA, mamlaka ya udhibiti wa ununuzi wa umma, wanaosimamia NeST, mfumo wa zabuni za umma mtandaoni, wanaweza kulisaidia hili. Penye sifa za kiufundi za mifumo ya kompyuta pawepo sehemu inayomtaka mnunuzi aeleze: hifadhidata imetajwa kwa jina kwa sababu gani, na leseni itagharimu kiasi gani kwa muda wote wa mkataba. Akilazimika kuandika namba hiyo kwa mkono wake, atafikiri mara mbili.

Wapo watakaosema hizi za bure ni za kuchezea. Mfumo wa taarifa za afya wa taifa letu unatumia DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Chini ya DHIS2 kuna PostgreSQL. Taarifa za wajawazito, malaria na chanjo kutoka vituo vya nchi nzima zinapita hapo. PostgreSQL ilianza kama utafiti Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, chini ya Michael Stonebraker, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya kompyuta. Haina mmiliki mmoja anayeweza kuamka na bei mpya. Kwa mtu wa kuhosti, hilo ni kubwa kuliko bei yenyewe. Mwaka 2019 cPanel, wenye programu ya kusimamia tovuti kwenye seva, walihama kutoza kwa seva wakaanza kutoza kwa akaunti, na mwishoni mwa 2023 Broadcom waliinunua VMware na kuacha kuuza leseni za kudumu. Mara zote mbili watoa huduma wadogo walisoma habari hizo wakiwa tayari wamefungwa ndani.

Na hata kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, leseni husomwa. MongoDB, wenye hifadhidata nyingine, walibadilisha masharti yao Oktoba 2018 kwa namna inayomlenga hasa anayeitoa kama huduma kwa wengine. Redis, nao wa hifadhidata, wakabadilisha yao Machi 2024, na wengi wakahamia Valkey, tawi huria lililochipuka kutoka Redis ya zamani. MySQL iko mikononi mwa Oracle tangu 2010, ndiyo maana mwanzilishi wake, Michael Widenius, alianza MariaDB mwaka 2009 baada ya kuona upepo unakoelekea.

Kuhama kuna gharama, na anayesema kuhama ni bure anawadanganya. Tulihamisha mfumo wa SACCOS moja kutoka SQL Server kwenda PostgreSQL. Data yenyewe ilipita bila shida. Kazi ilikuwa kwenye hesabu za riba zilizoandikwa ndani ya hifadhidata kwa lugha ya SQL Server. Hizo tuliziandika upya mstari kwa mstari. Kwenye majaribio, karani akatafuta "mwajuma" kwa herufi ndogo, mfumo ukasema hakuna mwanachama wa jina hilo. SQL Server kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL inajali, na majina yote yalikuwa yameingizwa kwa herufi kubwa. Tiba ipo, ni aina ya safu inayoitwa citext, lakini ni lazima mtu aijue na aipitishe kila mahali jina linapotafutwa. Kisha tuliendesha mifumo miwili sambamba hadi kufunga hesabu za mwezi, mhasibu akalinganisha urari wa hesabu wa pande zote mbili mpaka senti ya mwisho. Ndipo tukazima wa zamani. Kwa wenye mifumo mikubwa zaidi kuna Babelfish, iliyofunguliwa kwa umma na Amazon mwaka 2021, inayoifanya PostgreSQL ielewe sehemu kubwa ya lugha ya SQL Server bila kuandika upya kila kitu.

Fedha ya kazi ile ililipwa kwa vijana wawili hapahapa Dar es Salaam. Walijifunza, na ujuzi umebaki. Ile ya leseni ingelipwa tena mwezi uliofuata, na uliofuata baada ya huo.

Vijana hao walisoma vyuo vyetu na wote wawili walifundishwa SQL Server peke yake. Nawaomba wakufunzi: mwacheni mwanafunzi ajenge mradi wake wa mwisho juu ya PostgreSQL au MariaDB. Sisemi SQL Server ni mbaya. Ni programu nzuri sana, nimeifanyia kazi kwa mapenzi, na wapo wateja wanaoihitaji kweli kwa sababu mfumo walionunua nje haukubali nyingine. Lakini kijana akiijua hiyo tu, kila SACCOS atakayoijengea mfumo itarithi ankara yake.

Kwa wenzangu watoa huduma nina ombi moja. Tenganisheni leseni na huduma kwenye ankara. Mwandikieni mteja mstari wa leseni ya hifadhidata peke yake, kwa shilingi, kila mwezi. Mimi nimeanza. Mwenyekiti wa bodi ya SACCOS moja alipouona mstari ule alinipigia simu siku hiyohiyo, akataka kujua kama upo ulazima wa kuulipa. Tumepanga kikao na mtengenezaji wa mfumo wao, na hesabu ya kuhama tutaifanya mbele ya bodi nzima.

Mtunza seva,
Mwenge, Dar es Salaam.